Gesi, Umeme au Haibridi: Piga Hesabu Kabla Hujabadili Gari

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mdhibiti wa nishati Tanzania, hutangaza bei kikomo za mafuta, na siku hiyohiyo makundi ya WhatsApp ya madereva wa Dar es Salaam hujaa swali lilelile: tuhame petroli twende wapi? Mmoja atasema gesi. Mwingine atatuma picha ya gari la umeme kutoka China. Wa tatu atawaambia wenzake wasubiri haidrojeni, kwa sababu ndiyo mafuta ya kesho. Wote wana sehemu ya ukweli, lakini hakuna jibu moja kati ya hayo linalomfaa kila mtu. Dereva wa teksi mtandao anayezunguka kutwa na mhasibu anayetoka Kimara kwenda Posta na kurudi wanahitaji majibu tofauti, hata kama wote wawili wanaendesha Toyota IST.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya mtungi au ya betri, yajue mambo matatu yako mwenyewe: gari lako linatembea kilomita ngapi kwa siku, linalala wapi, na likiishiwa utajaza wapi. Mimi sijaona mtu aliyeyajua haya matatu vizuri akajuta baadaye, ila nimeona wengi waliofuata mkumbo wakarudi kwenye petroli wakiwa wametoboka mfuko.

Anza na daftari

Jaza tenki hadi pampu ikate yenyewe, andika namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi, kisha endesha kama kawaida yako kwa wiki mbili. Kila ukijaza katikati, andika lita. Mwisho wa wiki mbili jaza tena hadi pampu ikate, jumlisha lita zote ulizoweka tangu siku ya kwanza, halafu gawanya kilomita kwa lita hizo. Hiyo ndiyo namba yako halisi. Ile iliyo kwenye tangazo la muuzaji isikuhangaishe, kwa sababu haikupimwa kwenye foleni ya Tazara saa kumi na moja jioni huku kiyoyozi kikinguruma.

Tuchukue mfano wa gari dogo linalokwenda kilomita 12.5 kwa lita. Petroli tuifanye shilingi 2,900 kwa lita na gesi asilia shilingi 1,550 kwa kilo. Kama bei zimebadilika siku unayosoma, weka za siku hiyo. Njia ya hesabu ni ileile. Cha kushika ni kwamba kilo moja ya gesi asilia ina nishati inayokaribia lita moja na nusu ya petroli.

Dereva wa teksi anayetembea kilomita 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anamaliza kilomita 3,900. Kwa petroli hizo ni lita 312, sawa na shilingi 904,800. Kwa gesi anahitaji kilo 208, yaani shilingi 322,400, na tumwongezee lita 15 za petroli ya kuwashia, shilingi 43,500. Jumla ni 365,900. Anabakiwa na shilingi 538,900 kila mwezi. Ikiwa kufunga mfumo kumemgharimu milioni mbili, pesa yake imerudi kabla mwezi wa nne haujaisha.

Sasa mchukue yule mhasibu. Anatembea kilomita 30 kwa siku, siku 22, jumla kilomita 660. Petroli yake ni lita 52.8, shilingi 153,120. Akihamia gesi atatumia kilo 35.2, shilingi 54,560. Lakini safari zake ni fupi, na gari la gesi huwaka kwa petroli kwanza mpaka injini ipate moto, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya safari yake itaendelea kunywa petroli. Mwekee lita 10, shilingi 29,000. Anaokoa shilingi 69,560 kwa mwezi, na milioni mbili zake zitarudi baada ya miezi 29. Kwa mhasibu huyu, kukimbilia gesi ni haraka isiyo na sababu.

Gesi na foleni yake

Gesi ninayoizungumzia hapa ni gesi asilia iliyoshindiliwa, ile ambayo kila dereva anaiita CNG. Iligunduliwa Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974, na mwaka 2004 ikaanza kutumika kufua umeme na kuendesha viwanda Dar es Salaam. Ile ya Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa 1982, na bomba lake la kuja Dar likazinduliwa 2015. Ni mali yetu, inatoka chini ya ardhi na bahari yetu, na haisubiri meli ya mafuta kutia nanga bandarini. Kwa dereva wa kipato cha kila siku ndani ya Dar es Salaam, nasema bila kusita kwamba hakuna kinachoishinda leo. Bajaji za gesi zinazojaa mjini zimeshalithibitisha hilo.

Ila kuna gharama isiyoonekana kwenye hesabu ya hapo juu, nayo ni muda. Tuseme saa moja barabarani inakuingizia shilingi 6,000 baada ya kutoa mafuta. Foleni ya saa mbili kila siku, kwa siku 26, inakula shilingi 312,000. Hiyo ni zaidi ya nusu ya kile dereva wetu wa teksi alichookoa. Kwa hiyo kabla hujafunga mfumo, nenda kwenye kituo ambacho kweli utakitumia, iwe Ubungo au Sam Nujoma au kwingineko, saa ileile ambayo ungekwenda kujaza. Hesabu magari, angalia pampu ngapi zinafanya kazi, uliza kama presha huwa inashuka. Fanya hivyo mara kadhaa, asubuhi na usiku. Utagundua kwamba saa ya kujaza ina uzito sawa na bei.

Na hapa ndipo ukubwa wa mtungi unapoingia, jambo ambalo wengi huliamua kwa kuangalia bei tu. Mtungi wa kilo 11 unakupa kama kilomita 206 kwa gari letu la mfano. Wa kilo 15 unakupa kama 281. Anayetembea kilomita 150 kwa siku akiwa na mtungi mdogo atapanga foleni kila siku. Akiwa na mkubwa, anaweza kupanga karibu kila baada ya siku mbili, akimalizia kwa petroli kidogo. Tofauti ya bei ya mitungi hiyo miwili inalipwa na foleni alizoziepuka. Gharama yake ni buti: mtungi wa chuma una uzito wa kilo 60 mpaka 90 kutegemea ukubwa, unachukua nafasi ya mizigo, na gari litakaa chini kidogo nyuma. Abiria wa uwanja wa ndege mwenye masanduku mawili atakusumbua. Kama kazi yako ni uwanja wa ndege, lipime hilo.

Usitegemee pia kwamba utaingiza kilo zilizoandikwa. Gesi ikijazwa haraka hupata joto na kutanuka, hivyo geji itasoma 200 pale kituoni, kisha mtungi ukipoa itashuka. Si lazima umeibiwa. Ndivyo gesi ilivyo. Ukijaza usiku au alfajiri, joto likiwa limepungua, unapata nafuu kidogo.

Nije kwenye gereji, kwa sababu hapa ndipo maisha ya watu yalipo. Gesi kwenye mtungi wako inakaa kwa mgandamizo wa baa 200. Tairi la gari lako lina kama baa 2.3. Mtungi uliotengenezwa kwa kazi hiyo unahimili: hupimwa kwa baa 300 kabla ya kutoka kiwandani, na gesi asilia ikivuja ni nyepesi kuliko hewa, inapaa na kutawanyika badala ya kulala sakafuni. Hofu ya watu kwamba wamebeba bomu haina msingi ikiwa mtungi ni halali. Ikiwa si halali, hofu hiyo ina msingi wote.

Fundi akikwambia “bosi, huu mtungi mpya kabisa,” mwombe tochi. Shingoni mwa mtungi pamegongwa maandishi kwenye chuma chenyewe: namba ya mtungi, ujazo wake, presha ya kazi 200, presha ya kupimia 300, tarehe ya kutengenezwa na namba ya kiwango, ISO 11439 au ECE R110. Pitisha kidole. Maandishi yaliyogongwa utayasikia kwenye ngozi. Ukikuta rangi mpya nzito iliyofunika maandishi, au stika tu bila alama kwenye chuma, au alama ya kuchomelewa popote kwenye mwili wa mtungi, ondoka. Mtungi wa kupikia nyumbani kamwe usiwekwe kwenye gari, wala usikubali gesi ya kupikia ihamishiwe kwenye mfumo wa CNG. Gesi ya kupikia, LPG, ni kitu kingine kabisa: presha yake ni ndogo, ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama kwenye mashimo na chini ya viti ikisubiri cheche. Nchi nyingine zina magari ya LPG yaliyotengenezewa mitungi yake na vituo vyake. Hapa kwetu ni ya jikoni, na ibaki jikoni.

Dai mfumo wa sindano, ambao kompyuta ndogo inagawa gesi kwa kila silinda, uache ule wa zamani unaochanganya gesi na hewa mdomoni mwa injini. Wa zamani ni rahisi, lakini kwenye injini za kisasa unaleta mlipuko wa nyuma na ulaji mbaya. Nenda kwa karakana iliyoidhinishwa. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, imefanya kazi hii kwa miaka mingi na ndipo pa kuanzia kuuliza hata kama hutafungia pale. Kabla ya kufunga, injini ipimwe. Gari linalokula oili au lenye koili mbovu halitaponywa na gesi; litazidi kuugua, kwa sababu gesi inahitaji cheche yenye nguvu kuliko petroli. Badilisha plagi kwanza.

Baada ya kufunga, tarajia nguvu kupungua kidogo, kwa kawaida asilimia 10 hivi au zaidi. Kilima cha Kimara utakisikia. Usiendeshe na tenki tupu la petroli eti kwa kuwa una gesi: pampu ya mafuta imo ndani ya tenki na hupozwa na petroli yenyewe, kwa hiyo ikikauka inaungua. Weka walau robo tenki. Kichujio cha gesi kibadilishwe kama fundi alivyoelekeza, na mtungi upelekwe kupimwa upya kila miaka mitano, au mapema zaidi ikiwa mtengenezaji au kanuni zinataka hivyo. Wajulishe watu wa bima kwamba gari limebadilishwa, na hati zote ziweke pamoja na kadi ya gari.

Umeme, kwa mwenye geti lake

Msomaji wa Nairobi, Kampala au Kigali hana bomba la Songo Songo, na kwake swali kubwa ni umeme. Huko mambo yametembea. Kenya, ambayo sehemu kubwa ya umeme wake inatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, ilianzisha mwaka 2023 bei maalumu ya kuchajia vyombo vya usafiri: shilingi 16 za Kenya kwa uniti, na 8 katika saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya tozo. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2024 ilizuia kuingiza magari binafsi yasiyo ya umeme. Tanzania nayo imekamilisha bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Umeme wa kuchajia magari upo. Kinachopungua ni vituo vya umma, na kwa sababu hiyo swali la kwanza kwa anayetaka gari la umeme ni: una geti lako?

Anayelaza gari ndani ya uzio wake, karibu na meni swichi yake, amemaliza nusu ya kazi. Anayelaza gari barabarani au kwenye nyumba ya wapangaji wanane wanaochangia mita moja ya LUKU, nisimdanganye, gari la umeme bado si lake. Atagombana na kila mtu.

Gari dogo la umeme linakula kama uniti 18 kwa kilomita 100, ukihesabu na zinazopotea wakati wa kuchaji. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO shilingi 1,000 inatoa uniti kama 2.8. Mhasibu wetu mwenye kilomita 660 kwa mwezi atatumia uniti kama 119, yaani shilingi 42,500 hivi, dhidi ya 153,120 za petroli. Ni nafuu kubwa, na hana foleni hata moja, kwa sababu kilomita zake 30 zinahitaji uniti zisizofika sita, ambazo soketi ya kawaida inazirudisha kwa saa mbili hadi tatu akiwa amelala.

Kuna mtego mmoja ambao wauzaji hawautaji. Kaya nyingi ziko kwenye kundi la watumiaji wadogo, wale wanaolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi mradi wasivuke uniti 75 kwa mwezi. Gari peke yake linavuka hapo. Ukihamishwa kundi, hata uniti 60 ulizokuwa ukitumia kwa taa, friji na pasi, ambazo ulizilipia kama shilingi 7,300, zitakugharimu zaidi ya 21,000. Bado unaokoa, lakini weka tofauti hiyo kwenye hesabu yako.

Kuhusu nyaya sina mzaha. Gari linavuta umeme mwingi mfululizo kwa saa nyingi, tofauti na birika linalochemka dakika tano likazimwa. Usichaji kwa ekstensheni. Mwite fundi umeme mwenye leseni avute waya wake peke yake kutoka meni swichi, wenye sakiti breka yake, apime na ethi ya nyumba. Nyumba nyingi zetu zina soketi ya ethi isiyofika ardhini. Dalili ya kwanza ya hatari ni plagi kuwa ya moto ukiishika baada ya saa moja ya kuchaji. Ikiwa hivyo, zima.

Wengi watakaoingia kwenye umeme wataingia kwa gari lililotumika, na hasa Nissan Leaf kutoka Japani, kwa sababu bei yake inavutia. Leaf ni gari zuri lenye udhaifu mmoja unaotuhusu sisi wa pwani: betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji, hupozwa na hewa tu, na joto ndilo adui wa betri. Keti kwenye kiti cha dereva, washa, tazama geji ya betri. Pembeni yake kuna vipande vidogo 12. Hivyo havionyeshi chaji iliyopo, vinaonyesha afya ya betri. Kipande cha kwanza huanguka betri ikiwa imeshapoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake, na vinavyofuata huanguka kila inapopoteza asilimia 6 hivi. Leaf ya mwanzo yenye betri ya kilowati-saa 24 ilipimwa Marekani ikiwa mpya ikapata kilomita 117 kwa chaji moja. Ukiikuta na vipande 9, tegemea kama 80, bila kiyoyozi kikali. Toleo la kilowati-saa 40 lililotoka mwishoni mwa 2017 lilipimwa kilomita 243, na kama mfuko unaruhusu, hilo ndilo ningelishauri.

Vipande hivyo vinaweza kuchezewa. Wapo wanaoirudisha kompyuta ya betri mwanzo ili geji isome 12, na uongo huo hudumu kwa muda unaotosha kuuza. Kinga yako ni kuliendesha. Chaji hadi mwisho, tembea kilomita 20 za mjini, tazama asilimia zilizopungua. Likila zaidi ya robo ya chaji, achana nalo hata kama linang'aa. Muuzaji akikataa usiliendeshe umbali huo, amekujibu.

Tazama na tundu la kuchajia. Magari ya Japani hutumia CHAdeMO kwa chaji ya haraka, yaliyotengenezwa kwa soko la China hutumia GB/T, na ya Ulaya hutumia CCS2. Kituo cha chaji ya haraka kisicho na kichwa chako hakikusaidii kitu. Kwa gari la China uliza pia kama lugha ya kioo inabadilishwa, na kama betri ni ya aina ya LFP, ambayo huvumilia joto na kujazwa kila siku vizuri zaidi. Kwa betri nyingine, zoea kusimamia asilimia 80 kwa siku za kawaida, na usiliache gari lililojaa chaji likae juani mchana kutwa.

Haibridi, kwa anayetoka mjini

Kuna mtu wa tatu ambaye gesi na umeme vyote vinamwacha njiani: anayekwenda Mbeya, Songea au Bukoba mara kwa mara. Kwake namwambia haibridi, na hata kwa yule mhasibu asiye na geti. Toyota ilianza kuuza Prius mwaka 1997, kwa hiyo teknolojia hii imeshakomaa na mafundi wetu wameanza kuizoea. Injini ya petroli na mota ya umeme zinasaidiana. Unapofunga breki umeme unarudi kwenye betri, na kwenye foleni injini inazima kabisa. Ndiyo maana gari hili, kinyume na mengine, linabana matumizi zaidi ndani ya mji wenye foleni kuliko kwenye lami ndefu. Toyota Aqua inayotunzwa inaweza kufika kilomita 20 kwa lita mjini. Hesabu ya mhasibu inashuka hadi lita 33 kwa mwezi, shilingi 95,700, bila mtungi, bila waya, bila kutafuta kituo.

Udhaifu wake ni betri kubwa ya nyuma, na mara nyingi kinachoiua ni vumbi. Pembeni mwa kiti cha nyuma au chini yake kuna tundu la feni inayoipoza. Watu huweka mikoba na mablanketi hapo, au vumbi la barabara za mitaa hujaa kwenye kichujio, betri inapata joto na kufa kabla ya wakati. Unaponunua, piga magoti nyuma ya gari, fungua kifuniko cha tundu hilo, angalia. Vumbi zito kama zulia ni historia ya gari unayoisoma kwa macho yako. Halafu mwambie fundi mwenye kompyuta asome volti za seli zote. Zikitofautiana sana, punguza bei ya betri kwenye bei ya gari au tafuta jingine. Kodi za kuingiza gari zikague kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato, TRA, kabla ya kulipa Japani.

Haidrojeni, ethanoli na mbono

Wanaosema tusubiri haidrojeni wajue namba hizi. Toyota Mirai iliingia sokoni mwaka 2014, inajazwa kwa baa 700 na inatembea kama kilomita 100 kwa kilo moja. Kutengeneza kilo hiyo kwa kupasua maji kunahitaji uniti 50 hadi 55 za umeme. Uniti hizohizo zikiingia moja kwa moja kwenye gari la umeme zinalipeleka kama kilomita 300. Hata California, palipojengwa vituo kwa fedha nyingi, Shell ilifunga vituo vyake vya magari madogo mwaka 2024. Huenda haidrojeni ikafaa malori makubwa, meli na viwanda vya chuma. Kwa gari lako la kwendea kazini, usiisubiri.

Ethanoli ya miwa ni habari nyingine, kwa sababu imefanikiwa kweli. Brazili ilianza mpango wake mwaka 1975, na tangu 2003 inauza magari yanayokunywa petroli au ethanoli kwa mchanganyiko wowote. Ethanoli ina nishati pungufu, kwa hiyo madereva wa huko hujaza ethanoli pale tu bei yake inapokuwa chini ya asilimia 70 ya bei ya petroli. Malawi imechanganya ethanoli kwenye petroli tangu 1982. Siku ikifika kwenye pampu zetu, kanuni ya 70 itakufaa, lakini kwanza soma kitabu cha gari lako uone linaruhusu kiasi gani, kwani mipira ya zamani ya mfumo wa mafuta huharibiwa na ethanoli.

Mbono usiusahau, hasa wewe mwenye shamba. Miaka ya 2000 tuliambiwa mafuta yake yataendesha magari ya dunia. Kisarawe peke yake kampuni ya kigeni ilipewa zaidi ya hekta 8,000, na kufikia 2011 mradi ulikuwa umekwama, wanavijiji wakiwa wameshaachia ardhi. Akija mtu na zao jipya la mafuta ya magari, mwulize nani amesaini kununua, kwa bei gani, na ardhi itarudi lini mradi ukifa.

Neno langu la mwisho ni kwa wenye dhamana. Madereva wamefanya sehemu yao: wamekopa, wamefunga mitungi, wameamini gesi ya nchi yao. Wanachokipata ni kulala kwenye foleni za vituo vichache. Ongezeni vituo vya kujazia Dar es Salaam, vipelekeni Morogoro na Dodoma kwenye barabara kuu, na pampu zilizopo zisikose presha. Na wewe dereva, mpaka vituo hivyo vijengwe, usifunge mtungi kabla hujasimama kwenye foleni ya kituo chako na kuihesabu.